Kuchagua Lenzi ya Pili: Mwongozo Kamili kwa Mpigapicha Anayeanza Mwenye Bajeti Ndogo

Kamera nyingi za DSLR, yaani zenye kioo cha ndani kinachopeleka picha kwenye kitundu cha kuchungulia, ambazo Canon na Nikon waliziuza kwa watu wanaoanza huja na lenzi ya zumu ya milimita 18 hadi 55, yenye namba za mwanga f/3.5 hadi f/5.6. Sony huweka ya 16 hadi 50 na Fujifilm ya 15 hadi 45, lakini tabia zao hazitofautiani sana. Lenzi hizi si mbovu, na ni kuzionea kuzitupia lawama ya kila picha mbaya. Mchana, nje, kwenye mwanga wa kutosha, hutoa picha safi zinazoweza kuchapishwa na kutundikwa ukutani. Udhaifu wake hujitokeza jua linapozama, au unapoingia ukumbini kwenye sendofu ambako taa zimepunguzwa na watu wanacheza, au unapotaka sura ya mtu ijitenge na vitu vilivyo nyuma yake.

Msingi wa mwongozo huu ni mmoja: lenzi ya pili inunuliwe ili kuondoa kasoro inayojirudia katika picha zako mwenyewe. Anayenunua kwa kufuata mkumbo, kwa kuwa kila mpigapicha anayemfahamu ana milimita 50, anaweza kupata lenzi nzuri sana isiyomfaa kwa kazi anazozifanya.

Hatua ya kwanza: zisome picha zako zilizoharibika

Kabla ya kuuliza bei ya lenzi yoyote, kaa na picha zako za miezi michache iliyopita na uzigawe mafungu mawili: zile ulizozipenda, na zile ambazo tukio lilikuwa zuri lakini picha ikakuangusha. Fungu la pili ndilo lenye majibu. Kila faili ya picha hubeba maelezo ya namna ilivyopigwa, yaani urefu wa fokasi (zile milimita za lenzi), ukubwa wa tundu la mwanga, kasi ya shata (muda ambao kamera hupokea mwanga) na kiwango cha ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga). Maelezo hayo huonekana kwenye skrini ya kamera ukibonyeza kitufe cha taarifa wakati wa kutazama picha, na kwenye kompyuta huonekana ukifungua sifa za faili. Programu za bure kama digiKam na darktable huweza hata kuzichuja picha kwa urefu wa fokasi, jambo linalorahisisha kazi kwa mtu mwenye maelfu ya picha.

Ukikuta kwamba picha nyingi zilizoharibika zina f/5.6, ISO 6400 na kasi ya shata ya 1/30 ya sekunde au chini ya hapo, tatizo lako ni upungufu wa mwanga. Ukikuta kwamba umekuwa ukipiga kwa milimita 55 kisha ukikata sehemu kubwa ya picha ili mchezaji au ndege aonekane, unahitaji lenzi ya kuvuta mbali. Ukikuta umeng'ang'ania milimita 18 huku mgongo wako ukigusa ukuta, unahitaji lenzi pana zaidi. Inawezekana pia kwamba picha hizo zilipigwa saa sita mchana, watu wakiwa na vivuli vyeusi machoni, na hapo hakuna lenzi itakayokusaidia. Kubadilisha saa ya kupiga, au kununua flashi ya kawaida, kutakupa zaidi kwa fedha ileile.

Picha zisizotulia zinahitaji kuangaliwa kwa makini zaidi, kwa sababu zina vyanzo viwili tofauti. Kama kila kitu kwenye picha kimefifia kuelekea upande mmoja, mkono wako ndio uliotikisika. Kama viti na mapambo viko wazi lakini bibi harusi anayecheza ndiye aliyefifia, basi shata ilikuwa ya polepole mno kumkamata. Kituliza mtikisiko kilichomo ndani ya lenzi, ambacho Canon hukiandika IS, Nikon VR, Sony OSS na Tamron VC, hutibu chanzo cha kwanza peke yake. Wauzaji wengi hulinadi jambo hili kana kwamba ni dawa ya giza lolote. Sivyo, na mtu anayepiga watoto au ngoma asilipe zaidi kwa kukitegemea.

Hatua ya pili: pima urefu wa fokasi kwa lenzi uliyo nayo

Zumu uliyo nayo ni kipimo cha bure, na ni watu wachache mno wanaoitumia hivyo. Igeuze hadi milimita 35, ifunge kwa selotepu ili isisogee, na upige hivyo kwa wiki nzima popote unapokwenda. Wiki inayofuata ifunge kwenye 50. Usijali mwanga kwa sasa. Unachokitafuta ni kujua kama umbali unaolazimika kusimama unawezekana katika maeneo unayopigia.

Jambo hili lina uzito kwa sababu ya ukubwa wa kihisi, yaani sehemu ya kamera inayopokea mwanga na kuunda picha. Kamera za bei nafuu zina kihisi kidogo kuliko fremu ya filamu ya zamani ya milimita 36 kwa 24, kwa hiyo pembe ya kuona hupungua: zidisha urefu wa fokasi kwa 1.6 kwenye Canon, na kwa 1.5 kwenye Nikon, Sony na Fujifilm. Milimita 50 kwenye kamera hizo huona kama 80 au 75 kwenye kihisi kikubwa, yaani ni lenzi ya sura na mabega. Ili mtu mzima aenee kwenye picha ya wima kuanzia kichwani hadi miguuni, akiwa na nafasi kidogo juu na chini, utahitaji kusimama takriban mita 4 na nusu kutoka kwake ukiwa na milimita 50, mita 3 na kidogo ukiwa na 35, na mita 2 na kidogo ukiwa na 24. Sasa fikiria sebule ya kawaida yenye makochi, meza na wageni kumi. Mita 4 na nusu hazipo. Ndiyo maana huwashauri wanaopiga ndani ya nyumba, kama vile arobaini za watoto, mikusanyiko ya familia au chakula cha pamoja, waitazame 35 au 24 kabla ya 50, hata kama 50 ndiyo nafuu zaidi dukani.

Anayepiga zaidi nje, kwenye bustani, ufukweni au uwanja wa shule, hana kizuizi hicho, na kwake 50 ni chaguo zuri kwa kila hali. Umbali anaosimama humfanya anayepigwa asibanwe na kamera usoni, na uso haupotoshwi kama unavyopotoshwa na lenzi pana iliyosogezwa karibu.

Hatua ya tatu: elewa namba ya mwanga kabla ya kuilipia

Namba ya f huonyesha uhusiano kati ya urefu wa fokasi na upana wa tundu la mwanga; namba ikiwa ndogo, tundu ni pana. Kiasi cha mwanga hubadilika kwa mraba wa namba hiyo, na hapo ndipo faida ilipo. Kutoka f/5.6 hadi f/2.8 mwanga huongezeka mara 4. Kutoka f/5.6 hadi f/1.8 huongezeka karibu mara 10. Kwa lugha ya kazi, ukumbi uliokulazimisha kutumia ISO 6400 na 1/60 ya sekunde kwa lenzi ya mwanzo, utakuruhusu kutumia ISO 1600 na 1/125 kwa lenzi ya f/1.8, na bado mwanga kidogo utabaki. Chembechembe zinazoletwa na ISO kubwa zitapungua, rangi za vitenge zitarudi, na mtu anayetembea hataacha mkia kwenye picha.

Gharama yake ni kina cha sehemu iliyo wazi. Ukiwa na milimita 50 kwenye f/1.8, umesimama mita 2 kutoka kwa mtu, sehemu inayoonekana wazi kwa kamera yenye kihisi kidogo ni takriban sentimita 11. Jicho moja likiwa wazi, sikio tayari limeanza kufifia. Kwa picha ya mtu mmoja hilo ni pambo. Kwa picha ya ukoo mzima uliojipanga mistari mitatu ni balaa, kwa sababu hata ukirudi nyuma hadi mita 5, kina hicho hufika takriban sentimita 70 tu, na mstari wa nyuma utafifia. Kwa picha za makundi utalazimika kulirudisha tundu hadi f/4 au f/5.6, na hapo faida ya mwanga uliyoilipia haipo tena. Mtu ambaye kazi yake kubwa ni picha za makundi ukumbini anahitaji flashi inayogeuka kichwa, ili aielekeze kwenye dari nyeupe, kabla ya kuhitaji lenzi.

Hatua ya nne: hakikisha lenzi inaingia na inafanya kazi zote

Hapa fedha nyingi hupotea, na sababu yake ni kwamba lenzi inaweza kuingia vizuri kwenye kamera na bado isifanye kazi inavyotakiwa.

Kwa Canon, kamera za kioo (DSLR) zenye kihisi kidogo hupokea lenzi za EF, ambazo zilianza mwaka 1987, na za EF-S. Kamera za Canon zenye kihisi kikubwa hazipokei EF-S. Kamera mpya zisizo na kioo, kama R50 na R10, hutumia kiungio (sehemu lenzi inapofungwa kwenye kamera) cha RF kilichotoka mwaka 2018. Lenzi za EF na EF-S hufanya kazi vizuri juu yake, fokasi otomatiki ikiwemo, lakini kwa kupitia adapta ambayo bei yake lazima iingizwe kwenye hesabu. Mwenye kamera ya Canon M50 atambue kwamba kiungio cha EF-M ni kingine kabisa, na lenzi zake hazitaingia kwenye kamera za RF hata kwa adapta.

Nikon ndiyo yenye mitego mingi zaidi kwa mnunuzi wa mtumba. Kamera za mfululizo wa D3000 na D5000, kama D3500 na D5600, hazina mota ya fokasi ndani yake. Lenzi ya AF 50mm f/1.8D, ambayo hupatikana kwa bei ya kuvutia, itaingia na itapiga picha, lakini utalazimika kuzungusha fokasi kwa mkono kila mara. Tafuta herufi AF-S. Kwa upande mwingine, lenzi mpya za AF-P hazitapata fokasi kwenye kamera za zamani kama D90, D3100 na D5100. Kwa kamera za kiungio cha Z, adapta ya FTZ hupokea AF-S na AF-P pamoja na fokasi yake otomatiki, lakini haina mota ya kuziendesha zile za D.

Kwa Sony mambo ni rahisi: kiungio cha E ni kilekile kwa kihisi kidogo na kikubwa. Fujifilm za mfululizo wa X zina kiungio chao.

Kuna ushauri unaosikika sana kwamba anayeanza anunue lenzi za kihisi kikubwa ili zimfae atakapopandisha daraja la kamera. Siukubali. Lenzi hizo kwa kawaida ni nzito na ghali, na siku hiyo huenda isifike kwa miaka mingi, au ikafika huku kiungio chenyewe kimebadilika. Nunua lenzi ya kamera iliyo mkononi mwako leo, ukiitunza, itauzika.

Hatua ya tano: chagua kulingana na kasoro uliyoiona

Kwa upungufu wa mwanga, lenzi isiyo na zumu ndiyo inayotoa faida kubwa kwa kila shilingi. Canon EF 50mm f/1.8 STM ilitoka mwaka 2015, na mpaka sasa ni miongoni mwa lenzi za bei ya chini kabisa zenye ubora wa kuaminika. Hukaribia kitu hadi sentimita 35, na mota yake ni tulivu kwa video. Toleo lililoitangulia lina mota yenye kelele na kiungio cha plastiki, lakini kioo chake hakina shida. Mtumiaji wa Nikon ana AF-S DX 35mm f/1.8G ya mwaka 2009, ambayo kwa maoni yangu ndiyo lenzi ya pili bora kuliko zote kwa kamera za D zenye kihisi kidogo, kwa kuwa inaunganisha mwanga mwingi na umbali unaowezekana sebuleni. Canon haina lenzi ya EF-S inayolingana nayo kikamilifu. EF-S 24mm f/2.8 STM ni ndogo, nafuu na inafaa ndani, ingawa mwanga wake ni mdogo kuliko f/1.8. Wenye Sony na Fujifilm waitazame Sigma 30mm f/1.4 DC DN, ambayo mara nyingi huwa nafuu kuliko lenzi za kampuni zenyewe.

Anayelipwa kwa kupiga sherehe hana muda wa kubadilisha lenzi wakati maharusi wanaingia. Huyo anahitaji zumu ya f/2.8 isiyobadilika, na kwenye mtumba kuna Tamron 17-50mm f/2.8 na Sigma 17-50mm f/2.8 yenye kituliza mtikisiko. Tamron ya Nikon ichunguzwe, kwa sababu toleo lake la mwanzo halina mota. Ukiwa na zumu ya namna hii, lenzi ya mwanzo unaweza kuiuza na kupunguza gharama.

Kwa kuvuta mbali, tafuta Canon EF-S 55-250mm f/4-5.6 IS STM au Nikon AF-P DX 70-300mm yenye herufi VR. Zote hutosha kwa mpira wa mchana na kwa wanyama wa Mikumi au Hifadhi ya Taifa ya Nairobi. Iepuke Canon EF 75-300mm f/4-5.6 III, ambayo huwekwa mara kwa mara kwenye vifurushi vya kamera mpya: haina kituliza mtikisiko, na picha zake za milimita 300 hazina uwazi wa kuridhisha. Nikon nayo ina 70-300 ya AF-P isiyo na VR, inayofanana na mwenzake kwa sura, hivyo soma maandishi yote kwenye pipa la lenzi. Zote hizi ni dhaifu usiku.

Kwa upana, kama vile vyumba vya kupangisha wageni au vichochoro vya Mji Mkongwe, Canon EF-S 10-18mm IS STM inatosha, na Nikon ina AF-P DX 10-20mm.

Utakutana pia na lenzi za Kichina za f/1.2 au f/1.4 kwa bei ndogo sana. Nyingi kati yake hazina fokasi otomatiki. Zinafaa kwa vyakula, bidhaa na watu waliotulia. Kwa mtu anayetembea zitakupotezea picha nyingi.

Hatua ya sita: nunua kwa macho na mikono

Kama bajeti ni ndogo, mtumba ulio katika hali nzuri ni bora kuliko kipya cha daraja la chini. Iwe ni duka la Kariakoo, la katikati ya Nairobi, au mtu aliyetangaza mtandaoni, nenda na kamera yako, kadi ya kumbukumbu na tochi ndogo, na usitume fedha kwa simu kabla ya kuiona lenzi. Kwa lenzi mpya, uliza kama dhamana ni ya duka au ya mtengenezaji, na iandikwe kwenye risiti, maana bidhaa nyingi huingizwa kutoka Dubai bila dhamana inayotambuliwa hapa.

Anza na tochi. Mulika kutoka nyuma huku ukitazama kwa mbele, kisha kinyume chake. Vumbi kidogo ndani ni jambo la kawaida na haliathiri picha. Kinachotakiwa kukuondoa dukani ni nyuzi nyembamba zenye matawi kama utando wa buibui, kwani hizo ni fangasi, na katika miji ya pwani kama Dar es Salaam, Tanga, Mombasa na Zanzibar huwapata wasiotunza vifaa vyao. Ukungu mweupe uliosambaa ndani nao hupunguza uwazi wa picha zinazopigwa kuelekea taa. Mchubuko kwenye kioo cha mbele huathiri picha kidogo kuliko mchubuko uleule kwenye kioo cha nyuma.

Halafu weka lenzi kwenye kamera. Piga picha ukiwa na f/1.8, f/4 na f/11, ukihakikisha mwangaza wa picha unafanana pale kamera inapojipangia kasi; ukitofautiana sana, mabamba ya tundu yanakwama, mara nyingi kwa sababu ya mafuta. Piga ukuta wenye matofali au karatasi ya gazeti iliyobandikwa, kamera ikiwa sambamba nayo, na ulinganishe pembe nne kwa kukuza picha. Pembe zote zikififia kidogo kwa usawa, ndivyo lenzi nyingi zilivyo. Upande mmoja ukififia peke yake, vioo vimehama, pengine lenzi iliwahi kuanguka, iache. Zungusha zumu na fokasi ukisikiliza mkwaruzo, na utazame skrubu za kiungio, kwa sababu skrubu zenye makovu ni dalili kwamba lenzi imefunguliwa na fundi.

Hatua ya saba: ijaribu nyumbani kabla muda wa kurudisha haujapita

Mwenye kamera ya kioo afanye jaribio moja zaidi. Weka kamera kwenye stendi, lenga chupa yenye maandishi iliyo mita 2 mbele, na upige kwa f/1.8 ukitumia kitundu cha kuchungulia, kisha upige tena ukitumia skrini ya nyuma ya kamera. Rudia mara kadhaa, ukiivuruga fokasi kila kabla ya kupiga. Kama picha za skrini ya nyuma ziko wazi daima, na zile za kuchungulia zimeangukia mbele au nyuma ya chupa, mfumo wa fokasi wa kamera na lenzi hiyo haviendani. Kamera nyingi za wanaoanza hazina sehemu ya kurekebisha tofauti hiyo, kwa hiyo omba ubadilishiwe lenzi ya aina ileile. Kamera zisizo na kioo hazina tatizo hili, kwa kuwa hupima fokasi kwenye kihisi chenyewe.

Tenga sehemu ya bajeti kwa kofia ya lenzi, kitambaa laini na pampu ya kupulizia vumbi. Kwa anayeishi pwani, ongeza kasha la plastiki linalofunga bila kupitisha hewa, gramu mia chache za silika inayobadilika rangi, na kipima unyevu kidogo. Weka unyevu kati ya asilimia 40 na 50. Ukipita 60 kwa muda mrefu, fangasi hupata mahali pa kuota. Silika ikibadilika rangi, ikaushwe kwenye oveni ya moto wa wastani na irudishwe. Mkoba wa kamera wenye sifongo, uliofungwa na kuachwa kabatini baada ya kupigwa na mvua au jasho, ndio mahali pabaya zaidi pa kuhifadhi lenzi, na lenzi ambayo tayari ina fangasi isiwekwe kasha moja na nzima.